Kisukari bila kubahatisha: jinsi ya kujua aina yako, kusoma vipimo na kuishi nacho kila siku

Mama yangu alikaa na kisukari zaidi ya mwaka mzima akiwa anajua kitu kimoja tu, kwamba "sukari iko juu", basi. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze vitu vitamu, akarudi nyumbani, alafu kila akipima anatutajia namba, leo tisa, leo kumi na mbili, leo saba, na sisi wote tunaitikia tu maana hakuna aliyejua tisa ni nzuri au ni mbaya. Siku moja nikamuuliza, mama hiyo tisa umepima saa ngapi, kabla ya kula au baada? Akanijibu "sikumbuki mwanangu, nimepima tu". Hapo ndo nikaona shida yetu iko wapi. Namba ya sukari bila saa haisemi kitu, 9 ya asubuhi kabla hujatia chochote mdomoni ni habari nyingine na 9 ya masaa mawili baada ya kula ni habari nyingine kabisa.

Naandika hii kwa mtu ambaye kaambiwa juzi tu ana kisukari, au ana mzazi, mwenza au mtoto mwenye kisukari na hajui aanzie wapi. Mi si daktari, ni mtu ambaye nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki pembeni ya mama nikiuliza maswali mpaka nikaelewa. Dozi usibadilishe kwa sababu umesoma hapa, hiyo unaongea na anayekutibu, lakini ukielewa haya utaongea nae vizuri zaidi.

Mwilini kinatokea nini

Chakula cha wanga, kiwe kitamu au kisiwe kitamu, kikishasagwa kinaishia kuwa glukosi na inaingia kwenye damu. Hapo kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, kinamwaga homoni inaitwa insulini, nayo inafanya kazi mbili kubwa, inaamrisha misuli na mafuta yachukue glukosi kutoka kwenye damu, na inaliambia ini lisitoe nyingine. Hiyo ya pili wengi hatuijui na ndo ilitugombanisha na mama, maana alikuwa analala na 7 anaamka na 9 na anaapa hajala kitu usiku, sisi tunamshuku. Kumbe ini lina akiba yake ya sukari na usiku linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula, sasa insulini ikipungua au mwili ukiwa hauisikii, ini linatoa kupita kiasi. Kwaiyo sukari ya asubuhi kuwa juu si lazima mtu awe kaiba chakula usiku, na kama una mgonjwa nyumbani tafadhali usimwite muongo.

Sukari ikijaa kwenye damu, kwa watu wengi ikivuka kama 10 hivi, figo zinashindwa kuirudisha yote, inayobaki inatoka na mkojo na inavuta maji kutoka nayo. Ndo unaona mtu anakojoa kila saa, usiku anaamka mara tatu nne, anakunywa maji kiu haiishi. Na kwa sababu sukari iko kwenye damu lakini seli haziipati, mtu anachoka bila kazi, anakula na bado anakonda, macho yanaona ukungu, vidonda vinachelewa kupona, fangasi za sehemu za siri zinarudi rudi, miguu inakufa ganzi. Lakini shika hili: aina ya pili inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili hata moja. Ukisubiri kiu ndo upime, unaweza ukakuta macho au figo zimeshaanza kuguswa.

Aina zake

Aina ya kwanza ni pale kinga ya mwili wenyewe inapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Inawapata zaidi watoto na vijana ila mtu mzima pia anaweza kuipata. Haisababishwi na pipi wala na mzazi kulea vibaya, nawaambia hivi kina mama maana wengi wanajilaumu bure. Huyu insulini ni uhai wake kuanzia siku ya kwanza, hakuna kidonge wala mti unaoweza kuziba hiyo nafasi. Kabla ya insulini mtoto wa aina hii alikuwa anakufa tu, mpaka 1921 kule Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best wakafanikiwa kuitoa kwenye kongosho la mnyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano yake. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, ni siku aliyozaliwa Banting.

Aina ya pili ndo ya watu wengi, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wenye kisukari. Hapa insulini ipo ila mwili umekuwa mgumu kuisikia, kongosho linaongeza bidii, linatengeneza nyingi zaidi na zaidi mpaka linachoka. Umri, kisukari kwenye ukoo, mafuta ya tumboni, kukaa bila kutembea, vyote vinachangia, lakini wapo wembamba nao wanapata kwaiyo usimwangalie mtu mwili wake ukasema huyu hawezi.

Ya tatu ni ya ujauzito, homoni za mimba zinafanya insulini isisikike vizuri na sukari inapanda kwa mama ambaye hakuwa nayo. Mara nyingi inaondoka baada ya kujifungua, ila mama huyo anabaki kwenye hatari kubwa ya kupata aina ya pili baadae, na hili wengi hawaambiwi, mtoto akishatoka kila mtu anasahau.

Alafu kuna zinazotokana na vitu vingine kama kongosho kuugua, dawa za steroidi zikitumika muda mrefu, au jeni fulani za ukoo. Kwa nini nasisitiza ujue aina yako? Kwa sababu kuna mtu mzima mwembamba anaambiwa ni aina ya pili kwa umri wake tu, anapewa vidonge, anazidi kukonda na sukari haishuki, kumbe ni aina ya kwanza inayokuja taratibu. Ukijiona uko hivyo muulize daktari kuhusu vipimo vya kingamwili na C-peptidi, cha kingamwili kinaonyesha kama kinga ya mwili inalishambulia kongosho, na C-peptidi kinaonyesha kama kongosho bado linatengeneza insulini.

Vipimo vya kujua kama unacho

Kwanza vipimio viko viwili, kuna sehemu wanatumia milimoli kwa lita (mmol/L) na kuna sehemu wanatumia miligramu kwa desilita (mg/dL), ukiona mwenzako anataja 126 na wewe unataja 7 msishtuane, ni kitu kimoja, zidisha ya kwako kwa 18. Mi natumia mmol/L humu kote.

Kipimo cha kufunga: hujala chochote masaa 8 au zaidi, maji ya kawaida unakunywa tu. Ikisoma 7.0 au zaidi ni kisukari. Kipimo cha kunywa glukosi: unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unakaa masaa mawili, unapimwa tena, ikiwa 11.1 au zaidi ni kisukari. Kipimo cha wakati wowote, umekula hujala, kikiwa 11.1 au zaidi na una dalili zile za kiu na mkojo, ni kisukari. Cha nne ni HbA1c, ikifika asilimia 6.5 au zaidi.

Hii HbA1c niieleze vizuri maana ndo inayotuumbua. Glukosi inapopita kwenye damu inajigandisha kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na seli nyekundu inaishi kama siku 120, kwaiyo wakipima ni kiasi gani imeganda wanapata wastani wako wa miezi miwili mitatu iliyopita. Huwezi kujinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ukaidanganya. Mama alikuwa anafanya hivyo kwa kipimo cha kidole na kila mara anasifiwa, alafu siku alipopimwa HbA1c ikasoma 9.8. Ila nayo ina mipaka yake, mtu mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyeongezewa damu karibuni, mwenye figo zilizochoka sana au mjamzito, inaweza kusoma uongo juu au chini, waambie kabla hawajakupima.

Kama huna dalili yoyote kipimo kimoja kikitoka juu hakitoshi kukubandika jina, inabidi kirudiwe au vipimo viwili tofauti vikubaliane. Na ile mashine ndogo ya kidole ni ya kufuatilia, ya kukuthibitishia ugonjwa ni damu ya mshipani inayopimwa maabara, kuna watu wamelia wiki nzima kwa namba ya kidole iliyopimwa na mikono ina sukari.

Wajawazito wana namba zao za chini zaidi, kwa kawaida wanapimwa wiki ya 24 hadi 28 kwa glukosi ile ya gramu 75, na moja tu kati ya namba hizi ikifika inatosha: 5.1 kabla, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya masaa mawili. Ukiwa na hatari kubwa unapimwa mapema kabla ya hapo. Na ukishajifungua rudi upimwe tena baada ya wiki 6 mpaka 12, alafu uendelee kupima kila baada ya mwaka hadi mitatu hata kama unajisikia mzima wa afya.

Kuna watu wanaangukia katikati, kufunga 6.1 mpaka 6.9 (wengine wanaanzia 5.6), au masaa mawili baada ya glukosi 7.8 mpaka 11.0. Hiyo inaitwa hatua ya kabla ya kisukari, mi mwenyewe nilipima nikakutwa na 6.3 na nilishukuru nimeijua mapema maana hapa ndo mahali pa kupigania. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulichukua watu wa hatua hii, kundi moja likasaidiwa kupunguza kama asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kuingia kwenye kisukari ikapungua kwa asilimia 58, waliopewa metformini ikapungua kwa 31. Yaani miguu yako na sahani yako vilishinda kidonge.

Kupima nyumbani

Nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Ukimenya tunda alafu ukapima utaona 14 ambayo haipo. Ukifuta kwa spiriti acha ikauke kwanza. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, sio katikati, pembeni hakuumi sana, na badilisha vidole. Angalia tarehe ya mwisho ya stripu, vile vijikaratasi vya kuweka damu vinavyoingia kwenye mashine, na kifuniko cha kopo lake kifungwe haraka maana hewa yenye unyevu inaziharibu. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja, hata mke na mume wasichangie, damu inabeba virusi vya homa ya ini na Ukimwi.

Alafu nunua daftari. Kwenye mstari mmoja andika tarehe, saa, kabla au baada ya kula, namba, ulikula nini, dawa umekunywa au la, na kama kuna kitu kimetokea, umeumwa, umegombana na mtu, hujalala. Kwa mtu mzima asiye mjamzito lengo la kawaida ni 4.4 mpaka 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 masaa mawili tangu uanze kula, HbA1c chini ya 7. Mzee sana au mwenye magonjwa mengine mazito analegezewa, kumbana mzee mpaka sukari ianze kumshuka usiku ni hatari kuliko kumwacha na 8, kwaiyo lengo lako uliza uandikiwe lako.

Kama stripu hazitoshi, na kwa wengi hazitoshi, pima kwa jozi. Leo pima kabla ya kifungua kinywa na masaa mawili baada yake, kesho mlo wa mchana, kesho kutwa wa jioni. Jozi inakuonyesha mlo ule umekupandisha kwa kiasi gani. Baada ya wiki mbili tuliona kwenye daftari la mama kwamba mchana na usiku wala hakuna shida kubwa, anayemuumiza ni asubuhi, chai isiyo na sukari anayoisifia sana inaambatana na mkate vipande vitano.

Sahani

Hapo ndo nilipoelewa kwamba "acha vitamu" ni ushauri nusu. Mkate, wali, viazi, uji, vyote vinageuka glukosi, tena vingine haraka sana. Hujakatazwa kuvila, unapunguza kiasi na unaangalia umevila na nini. Njia rahisi isiyohitaji mzani ni kugawa sahani, nusu mboga za majani na mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini kama samaki, kuku, mayai au maharage, na robo inayobaki ndo wanga. Nafaka isiyokobolewa inapandisha sukari taratibu kuliko iliyokobolewa. Ukianza na mboga na protini alafu wanga ukaumalizia mwisho, sukari haipandi juu kama ukianza na wanga, hili tulilijaribu kwa daftari na mama mwenyewe akashangaa.

Tunda kula zima, juisi achana nayo hata kama umekamua mwenyewe, ukikamua umetupa nyuzinyuzi na umebaki na sukari ya matunda manne kwenye glasi moja. Asali nayo ni sukari. Kilichoandikwa hakina sukari kinaweza kuwa na unga wa kutosha tu, soma nyuma ya pakiti sehemu ya wanga. Pombe kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari inaweza kumshusha sukari masaa mengi baadae akiwa usingizini, maana ini linakuwa bize na pombe linaacha kutoa sukari. Sigara acha kabisa, kisukari na sigara wote wanaharibu mishipa ileile.

Mwendo unasaidia kwa sababu misuli inayofanya kazi inachukua glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Lengo ni dakika 150 kwa wiki ila kama hujazoea anza na dakika kumi au kumi na tano baada ya kila mlo, hizo zinafanya kazi vizuri sana. Anayetumia insulini apime kabla na awe na kitu cha sukari mfukoni, na mwenye aina ya kwanza akiwa juu ya 14 na ana ketoni (asidi ambazo mwili unatengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) asifanye mazoezi kwanza, ashughulikie hiyo.

Dawa na sindano

Metformini mara nyingi ndo ya kwanza kwa aina ya pili, inalituliza lile ini. Wiki za mwanzo inaweza kusumbua tumbo, kuharisha na kichefuchefu, kunywa pamoja na chakula na uongee na daktari aanze na dozi ndogo, usiiache kimya kimya. Ukiitumia miaka mingi omba upimwe vitamini B12 maana inaweza kushuka na kuleta ganzi ambayo utadhani ni ya kisukari. Yenyewe peke yake ni nadra kuangusha sukari. Kundi la glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi linakamua kongosho litoe insulini zaidi, na hizi ukinywa alafu ukaruka mlo zinakuangusha, glibenklamidi hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Kuna mpya kama empagliflozini na dapagliflozini zinazotoa sukari kwa mkojo na zinalinda moyo na figo, na zipo sindano kama semaglutidi zinazopunguza hamu ya kula na uzito.

Kuhusu insulini niseme kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Mama aliikataa miezi minane kwa sababu jirani alimwambia "ukianza sindano ndo mwisho". Aliyeambiwa aanze insulini kwenye aina ya pili hajashindwa, kongosho lake limechoka na anapewa kile ambacho mwili ulikuwa unatengeneza. Watu wanafika kwenye sindano wamechelewa, macho yameshaathirika, alafu lawama inaenda kwa sindano.

Ukishaanza, chupa ambazo hujazifungua zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, zisigande, iliyoganda tupa hata kama imeyeyuka. Unayoitumia inaweza kukaa nje penye ubaridi kama wiki nne, soma karatasi yake, usiache kwenye gari wala dirishani kwenye jua. Ile ya maziwa maziwa ibiringishe taratibu mikononi, usiitikise. Choma tumboni mbali kidogo na kitovu, mapajani au matakoni na hama hama, ukichoma palepale kila siku panafanya uvimbe mgumu wa mafuta na dawa inanyonywa hovyo. Na kitu cha kufa na kupona, chupa na bomba viwe vya aina moja, insulini ya U-100 (yaani uniti 100 kwa kila mililita) na bomba la U-100, kuna sehemu bado zina U-40, ukichanganya dozi inakuwa kubwa au ndogo mara mbili na nusu.

Sukari ikishuka

Chini ya 3.9 imeshuka. Mwili unatetemeka, jasho la baridi, moyo unadunda, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, maneno yanachanganyika. Mtu anaweza kuonekana kama mlevi. Hapo hapo mpe gramu 15 za sukari inayoingia haraka, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari. Chokoleti haifai kwa kuanzia, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado iko chini rudia. Ikipanda, ale kitu chenye wanga kidogo kama mlo wake uko mbali. Huna mashine karibu na unaona dalili? Mpe tu sukari, usisubiri.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza USIMTIE KITU MDOMONI, atapaliwa. Mlaze ubavu, kama mna sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, mchomeni, kimbizeni hospitali. Kila anayeishi nae awe anajua hili, hata mtoto wa darasa la nne. Alafu kaeni chini mtafute sababu, aliruka mlo? alitembea sana? dozi ilirudiwa kwa kusahau? figo zimepungua nguvu? Ikijirudia dozi inatakiwa kuangaliwa upya.

Ukiumwa kitu kingine

Malaria, mafua, tumbo, kidonda kikubwa, vyote vinapandisha sukari hata kama huli. Kosa linaloua ni mtu wa aina ya kwanza kusema sijala leo kwaiyo sichomi insulini. Usiache insulini ya msingi, ile inayofanya kazi taratibu muda mrefu, hata siku moja, pima kila masaa machache, kunywa maji, pima ketoni kama una vifaa. Ukiona kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana, usingizi usio wa kawaida, hiyo ni asidi ya ketoni imejaa kwenye damu, ni hospitali sasa hivi sio kesho asubuhi. Watoto wengi wa aina ya kwanza wanagundulika wakiwa tayari hapo, wakidhaniwa wana malaria au nimonia, kwaiyo mtoto anayekojoa sana na kukonda apimwe sukari siku hiyohiyo. Wanaotumia empagliflozini na dapagliflozini nao wakitapika au wakishindwa kula waulize kuhusu kuisimamisha kwa muda, hao wanaweza kupata ketoni hata sukari ikiwa haiko juu sana.

Kupona je? Mtu wa aina ya pili, hasa wa miaka ya mwanzoni, akipunguza uzito mwingi sukari inaweza kurudi chini bila dawa. Uingereza matokeo ya utafiti yaliyotolewa 2017 yalionyesha karibu nusu ya waliofuata mpango wa kupunguza uzito walifika hapo baada ya mwaka mmoja. Kitaalamu wanaita nafuu, HbA1c chini ya 6.5 kwa miezi mitatu au zaidi bila dawa, na bado unaendelea kupimwa kila mwaka maana uzito ukirudi nayo inarudi. Sasa anayekuuzia unga wa kuponya kisukari aina zote kwa siku 21 na kukwambia uache dawa zako, muogope. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini anahesabu siku tu.

Macho, figo, miguu

Kliniki nyingi zina foleni na dakika zako ni chache, kwaiyo haya uyaombe mwenyewe kwa kuyataja. Presha kila ukienda, lengo la wengi ni chini ya 130/80. HbA1c kila miezi mitatu kama haijatulia, miezi sita kama imetulia. Mara moja kwa mwaka: macho yapimwe kwa ndani kabisa, ukitoka na matone yanayopanua mboni ndo wameangalia, kusoma herufi ukutani hakutoshi, mkojo kwa albumini (protini inayovuja figo zikiumia) na damu kwa kreatinini (taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa) kuangalia figo, mafuta kwenye damu, na miguu ipimwe hisia. Aina ya pili macho yanaangaliwa tangu siku ya kwanza kwa sababu hujui umekaa nayo miaka mingapi, aina ya kwanza mara nyingi kuanzia miaka mitano tangu ugundulike. Meno pia, fizi zinaoza mapema sukari ikiwa juu. Na wanaume, nguvu zikipungua semeni, ni dalili ya mishipa na ina matibabu, msiende kununua vidonge kificho.

Miguu ndo naiachia nafasi maana watu wanakatwa kwa kitu kilichoanza kama lengelenge. Mishipa ya fahamu ikishakufa ganzi unaweza kukanyaga msumari ukatembea nao siku nzima. Usitembee peku hata ndani. Tia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kuna kokoto, kuna mshono uliotoka. Kiatu kipya kivae saa moja saa moja kwanza. Osha kwa maji ya uvuguvugu na uyapime kwa kiwiko sio kwa mguu, kausha mpaka katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini ila sio katikati ya vidole. Kucha kata kwa kunyoosha. Sugu usikate kwa wembe. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, mwonyeshe mtu wa afya siku hiyo au kesho yake.

Mama anakagua yake kila usiku kabla ya kulala. Chini ya unyayo hafiki kuona, kwaiyo anaweka kioo sakafuni na kuinua mguu juu yake, na siku ambazo niko nyumbani namkagulia mimi, kidole kimoja kimoja, alafu naandika kwenye daftari: miguu, hamna kitu.